Banda la Gari Nyumbani: Kanuni za Mipango Nchini Uingereza na Namna ya Kuzifuata

Banda la gari, yaani paa linalobebwa na nguzo bila kuta kamili za kulizunguka, huonekana kuwa kitu kidogo mno kushughulikiwa na sheria, lakini nchini Uingereza kulijenga ni uendelezaji wa ardhi kama kulivyo kuongeza chumba, na uendelezaji wowote unahitaji ruhusa ya mipango. Kanuni zinazoelezwa hapa ni za England peke yake, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao. Wenye nyumba wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa banda na vifaa vya kulijengea, ilhali sheria huanza na mahali: banda litasimama wapi kwa kulinganishwa na ukuta wa mbele wa nyumba, na litakuwa umbali gani kutoka mpaka wa jirani. Anayelijibu swali hilo kabla ya kumwita fundi huwa amekwisha kujua sehemu kubwa ya anachopaswa kufanya.

Msingi wa mfumo huu ni Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1947, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948 na kuiweka haki ya kuendeleza ardhi chini ya mamlaka ya umma. Ni sheria hiyo iliyokuwa kielelezo kwa Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mipango miji mwaka 1956. Kwa kuwa halmashauri zingelemewa kama kila kibanda kingeombewa kibali chake, serikali hutoa mapema ruhusa ya jumla kwa kazi ndogo zinazotimiza masharti fulani, na ruhusa hiyo, inayoitwa uendelezaji ulioruhusiwa, kwa sasa imo katika amri ya mwaka 2015. Msomaji aliyezoea miji ya Tanzania, ambako mwenye kiwanja hutarajiwa kwenda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, hana budi kuugeuza mtazamo wake hapa: banda linalotimiza masharti yote tayari lina ruhusa, na linalokosa sharti moja tu linahitaji maombi kamili, hata kama limezidi kwa sentimita chache.

Banda linalosimama peke yake, lisiloungana na nyumba, huangukia Kundi E la amri hiyo. Sharti lake la kwanza ni kwamba sehemu yoyote ya banda isitangulie mbele ya mstari wa ukuta wa upande mkuu wa nyumba, yaani upande ulio uso wa nyumba, ambao kwa kawaida ndio wenye mlango mkuu na unaotazama barabara. Sharti hili ndilo linalokwamisha mipango mingi kuliko mengine yote, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Uingereza gari huegeshwa mbele, na banda la mbele, hata likiwa jepesi na zuri namna gani, linahitaji kuombewa kibali. Urefu nao una viwango vyake: banda liwe la ghorofa moja, ukingo wa chini wa paa usizidi mita 2.5, na kilele kisizidi mita 4 kwa paa lenye miteremko miwili au mita 3 kwa paa la aina nyingine. Hata hivyo, banda likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa kiwanja, urefu wake wote usizidi mita 2.5, na sharti hilo hulihusu banda zima, si ile sehemu iliyo karibu na mpaka peke yake. Kipimo huanzia kwenye ardhi inayopakana na banda, na ardhi ikiwa na mteremko huanzia pale palipo juu zaidi, jambo linalomfaa sana mwenye kiwanja cha kilimani. Aidha, majengo yote ya nyongeza kwa pamoja yasifunike zaidi ya nusu ya eneo linaloizunguka nyumba ya asili, yaani nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa mara ya kwanza ikiwa ni ya baadaye. Na banda liwe la matumizi ya kawaida ya nyumbani, kwa hiyo ruhusa hii haimkingi anayetaka kufungua karakana ya kutengeneza magari ya wateja.

Banda lililofungwa kwenye ukuta wa nyumba huhesabiwa kuwa upanuzi wa nyumba yenyewe, nalo huingia Kundi A. Likiwa ubavuni, lisizidi nusu ya upana wa nyumba ya asili wala mita 4 kwenda juu, lisiwe upande unaotazama barabara, na vifaa vyake vya nje vifanane kwa mwonekano na vile vya nyumba. Lakini hapa pana nafuu ambayo haina budi kuzingatiwa: ndani ya mita 2 kutoka mpaka, kinachobanwa ni ukingo wa paa, usiozidi mita 3, wakati katika Kundi E kinachobanwa ni urefu wote wa banda, usiozidi mita 2.5. Kwa nyumba pacha yenye njia nyembamba ya gari kati ya ukuta wake na uzio wa jirani, tofauti hiyo yaweza kuamua kama gari dogo la mizigo litaingia au litabaki nje.

Wapo wasio na ruhusa hii ya jumla kabisa. Fleti hazina, na nyumba iliyoorodheshwa kwa thamani yake ya kihistoria hailindwi na Kundi E. Katika maeneo ya hifadhi ya mandhari au ya urithi wa majengo, banda la ubavuni linahitaji kibali hata likiwa fupi. Katika mitaa mipya, halmashauri mara nyingi huiondoa ruhusa ya jumla kwa sharti lililoandikwa katika kibali cha mtaa mzima, na kwa sababu sharti hilo halionekani kwa macho, ni lazima kibali hicho cha awali kitafutwe katika kumbukumbu za halmashauri na kusomwa hadi mwisho.

Anayeamini kwamba banda lake limetimiza masharti halazimiki kuomba chochote, lakini busara inaelekeza kuomba cheti cha uhalali wa uendelezaji, ambacho ni tamko rasmi la halmashauri kwamba kazi iliyokusudiwa haihitaji kibali. Ada yake ni nusu ya ada ya maombi ya kawaida ya mwenye nyumba, iliyopanda kutoka pauni 258 hadi 528 tarehe 1 Aprili 2025. Wakili wa mnunuzi huulizia cheti hicho nyumba inapouzwa, na jibu la mdomo lililotolewa na afisa kwa simu halina nguvu ya cheti. Kibali kikihitajika, maombi huambatana na ramani ya mahali kwa kipimo cha 1:1250, mpango wa kiwanja na michoro ya banda kutoka kila upande. Majirani hupewa nafasi ya kutoa maoni, uamuzi hutarajiwa ndani ya wiki 8, na aliyekataliwa ana wiki 12 za kukata rufaa.

Ruhusa ya mipango haiondoi wajibu mwingine. Kanuni za ujenzi, zinazohusu uimara na usalama, husamehe banda lililoungana na nyumba likiwa wazi angalau pande mbili na sakafu yake isipozidi mita za mraba 30, ndiyo maana kuziba upande mmoja baadaye kwa mbao kwaweza kuufuta msamaha huo. Sakafu mpya mbele ya nyumba ikizidi mita za mraba 5 ipitishe maji ardhini au iyaelekeze kwenye bustani, sharti lililowekwa mwaka 2008 kwa sababu ya mafuriko ya mitaani. Kushusha ukingo wa njia ya waenda kwa miguu ili gari lipande kunahitaji idhini ya mamlaka ya barabara. Mashimo ya nguzo yakichimbwa ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, na kwenda chini kuliko msingi wake, jirani apewe notisi ya mwezi mmoja chini ya sheria ya mwaka 1996 ya kuta za pamoja. Mfereji wa paa nao usining'inie juu ya kiwanja cha jirani, na bomba la kutolea hewa chafu ya boila lisifunikwe na paa jipya, kwa maana gesi iliyonaswa chini yake yaweza kurudi ndani ya nyumba na kuua.

Aliyekwisha kujenga bila ruhusa anaweza kuomba kibali cha baada ya kazi, na akikataliwa halmashauri yaweza kumpa ilani ya kubomoa, ambayo kutoitii ni kosa la jinai. Zamani muda wa kuchukua hatua ulikwisha miaka 4 baada ya jengo kukamilika. Kwa majengo yaliyokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, muda huo ni miaka 10.