Adabu ya Mashindano: Somo kwa Wapiganao katika Michezo ya Mtandaoni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeamrisha uadilifu hatta kwa mtu achukiwaye. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mji wa Moshi, na juu yake katika vijiji vya Kibosho, Uru, Machame na Marangu, kama ilivyo Tanga, Mombasa na Unguja, vijana wengi hushika simu baada ya kazi wakaingia katika michezo ya mapigano. Michezo hii huchezwa kwa mtandao, na watu wa nchi mbalimbali hukutana humo kwa wakati mmoja. Kila mchezaji hupewa mtu wa picha, akampa jina, akamlea kama aleavyo mtu mwanawe: akampandisha daraja kwa daraja, akamtafutia upanga, ngao na farasi. Khalafu mtu huyo wa picha hukutana njiani na mtu wa mchezaji mwingine, wakapigana. Na aliyeshindwa pengine hupoteza alivyokusanya kwa miezi.

Wako wasemao: Hapa hapana dhulma, kwani hapana damu. Somo hili ni jawabu ya kauli hiyo.

MFANO

Na uchukuliwe mfano wa Zaidi na Amri, kama ilivyo desturi ya vitabu vya fikihi. Zaidi ni kijana auzaye ndizi katika soko la Kiboriloni. Amri ni mwana wa mwenye duka mjini Moshi. Wote wawili husali katika safu moja. Zaidi amemlea mtu wake miezi miwili, usiku baada ya Isha, kwa bando la kuhesabu. Amri amenunua upanga kwa shilingi elfu hamsini, akasimama penye mlango waingiliao wageni wa mchezo. Usiku mmoja akamwua mtu wa Zaidi mara saba, akamnyang'anya ngao ambayo Zaidi aliinunua kwa akiba yake, na mwisho akamwandikia maneno ya kejeli mbele ya wachezaji wote. Kesho yake Amri akatoa salamu mlangoni mwa msikiti, na Zaidi hakuitika.

Suali: Ni nani mwenye kosa, na kosa lake ni kiasi gani?

ASILI YA MASHINDANO

Mashindano si kitu kigeni katika dini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa riwaya ya Ibn Umar, kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina. Farasi waliokwisha kufanyiwa mazoezi, wakapunguzwa mwili wakawa wepesi, aliwapa mbio ya kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, nayo ni mwendo wa maili tano au sita. Farasi ambao hawakufanyiwa mazoezi aliwapa mbio ya kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiki, nayo ni maili moja.

Ewe ndugu Muislamu, zingatia jambo hili. Farasi wote walikuwa wa Waislamu, na mchezeshaji ni Mtume mwenyewe; walakini hakuwachanganya. Mwenye nguvu alipewa mwenye nguvu mwenziwe, na asiye na mazoezi alipewa mfano wake na uwanja wa kadiri yake.

Juu ya msingi huu wanavyuoni wakajenga. Husemwa kuwa Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, ndiye wa kwanza kuuandikia mlango wa mashindano na kutupa mishale. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676, katika Minhaji yake ameyahisabu masharti yake: kujulikana pa kuanzia na pa kumalizia, kuwa sawa wenye kushindana katika hayo, kuainishwa farasi, kujulikana mali iliyoshurutishwa, na kuwa yawezekana kila mmoja kumshinda mwenziwe. Ikiwa mmoja ni dhaifu hatta ikawa ni yakini kuwa atashindwa, mashindano hayo hayasihi.

Ni kweli kuwa masharti haya yamewekwa kwa mashindano yenye mali. Walakini hekima yake yaenea kila mahali. Jambo ambalo mwisho wake umekwisha kujulikana kabla ya kuanza si shindano. Basi Amri alipomngojea mgeni wa daraja la tatu, naye yuko daraja la sitini, akamwua mara saba, hakushinda mara saba. Hakushinda hatta mara moja, kwani hapakuwa na shindano.

SILAHA YA KUNUNUA

Amri aweza kusema: Upanga nimeununua kwa fedha ya halali. Ajibiwe kwa khabari za mlima anaouona kila asubuhi.

Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilitoka Pangani ikapanda mpaka Kilimanjaro, na mikononi mwao mna nguo, shanga na bunduki; ikirudi na pembe za ndovu, na, jambo la kusikitisha, watumwa. Mangi Rindi wa Moshi, aitwaye pia Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu, na kila mmoja alitafuta bunduki za pwani ampite mwenziwe. Mwenye bunduki alimwendea mwenye mkuki akachukua ng'ombe na watu. Yako mahali mlimani ambapo watu walichimba mapango chini ya ardhi wajifiche humo wao na mifugo yao.

Je, bunduki zile zilimdumishia nani ushindi? Mwaka 1891 Wajerumani chini ya Wissmann walimpiga Sina kwa silaha zilizo kubwa zaidi, na watu wa Rindi walikuwa pamoja nao. Rindi akafa mwaka huo huo. Mwaka 1892 mwanawe, Mangi Meli, akawashinda Wajerumani. Mwaka 1893 wakamrudia kwa nguvu zaidi wakamvunja. Na mwaka 1900 wakamnyonga hapo Moshi pamoja na viongozi wengine. Ushindi wa silaha ya kununua hukaa kwa mwenye fedha ya leo, na kesho humhamia mwenye fedha zaidi. Hauachi ustadi wala sifa.

Kwa hiyo mwenye upanga ulionunuliwa, akitaka kumpiga mwenziwe kwa haki, na auweke kando wapigane kwa silaha zilizo sawa. Au na amtafute mwenye upanga mfano wake.

MASHARTI NA KHIYANA

Imepokewa kuwa Waislamu hushikwa na masharti waliyoyakubali, illa sharti lihalalishalo haramu au liharamishalo halali. Basi kila mchezo una kanuni zake, na aingiaye kwa kujua amezikubali. Ikiwa ni maarufu kuwa mahali fulani ni uwanja wa vita, mtu akaenda kwa hiari yake akapigwa, hana haki ya kulia. Kumpiga aliyekubali kupigana si dhulma.

Watengenezaji wa michezo hii wenyewe walijifunza jambo hili kwa tabu. Mchezo wa Ultima Online ulipofunguliwa mwaka 1997, mchezaji aliweza kumwua mwenziwe karibu popote nje ya miji. Wakatokea wanyang'anyi wa kuwavizia wageni njiani, na wageni wengi wakauacha mchezo. Mwaka 2000 ulimwengu ule ukagawanywa nchi mbili: moja ya mapigano bila ya idhini, na moja ambayo hapigwi illa aliyeridhia. Watu hao hawakusoma Minhaji, walakini dhiki iliwafikisha katika hekima ile ile, kuwa ridhaa ndiyo mlango wa mashindano.

Ama mwenye kutia programu ya siri katika simu yake, imlengee shabaha au imwonyeshe adui aliye nyuma ya ukuta, huyo ni mwenye khiyana bila ya khilafu. Mtume amemtoa mwenye kughushi katika safu ya watu wake, na sababu yake ilikuwa chakula kilicholowa maji kikafichwa chini ya kikavu. Aliyeficha programu na aliyeficha chakula kilicholowa wamefanya jambo moja: wameonyesha kisichokuwapo.

MALI NA KAMARI

Hapa ndipo wengi walipoghafilika. Ngao iliyonunuliwa kwa shilingi, nayo yaweza kuuzwa kwa shilingi, ni kitu chenye thamani. Ikiwa wawili waingia vitani, na kila mmoja ataraji ama kuchukua cha mwenziwe ama kuchukuliwa chake, basi hiyo ndiyo sura ya kamari iliyokatazwa katika Sura ya Al-Maida.

Na asiseme mtu: Dini imeruhusu zawadi katika mashindano. Imeruhusu katika ngamia, farasi na mishale, na mfano wa hivyo vya kuandalia jihadi. Hatta mieleka, ambayo ni nguvu ya mwili, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kuwa haifai kuwekewa mali. Sembuse vidole juu ya kioo cha simu. Kwa hiyo vijana wachangao shilingi elfu mbili mbili katika kibanda, mshindi akachukua zote, wacheza kamari, ijapokuwa wameiita jina jingine.

Na katika mlango huu mna sanduku la bahati, ambalo mtu hulipa asijue ndani yake mna nini. Sanduku hili lafanana na nardi, mchezo wa dado uliokatazwa, kuliko sataranji, ambayo Imamu Shafi aliikirihi tu. Ubelgiji, ambayo si nchi ya Kiislamu, mwaka 2018 ilitamka kuwa masanduku ya namna hii ni kamari kwa sheria yake. Basi Muislamu asiwe nyuma yao katika kujihadhari.

MURUA UZIDIO SHERIA

Si kila lisilokatazwa na kanuni ni jema. Mwezi wa Machi mwaka 2006, wachezaji wa World of Warcraft walifanya makutano ndani ya mchezo kumwomboleza mwenzao aliyekufa kweli duniani. Walikusanyika mahali palipokuwa pa vita kwa kanuni ya mchezo, nao hawakujiandaa kupigana. Kundi la wapinzani likawajia likawaua wote, khalafu likaonyesha picha zake kwa fakhari. Kanuni haikuvunjwa. Walakini Mtume alisimama lilipopita jeneza la Yahudi, na alipoambiwa kuwa ni la Yahudi, alijibu kwa kuuliza kama hiyo nayo si nafsi. Umbali ulio baina ya vitendo viwili hivi ndio murua.

Kwa hiyo mwenye murua na ashike mambo matano:

1. Asimpige mgeni, wala mwenye kuzungumza, wala aliyeondoka kwa ajili ya sala.
2. Asiwakusanye watu wengi juu ya mmoja, illa yeye mwenyewe ameridhia.
3. Akimshinda mtu mara moja amwache, asimngojee penye kufufukia.
4. Asimkejeli aliyeshindwa. Kejeli imekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, nayo haisemwi kwa mtu wa picha; humfikia mtu wa nyama na damu.
5. Akishindwa asitukane. Ngamia wa Mtume, jina lake Adhbaa, hakuwa akishindwa, mpaka akaja bedui juu ya ngamia mchanga akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kuwa kila kilichoinuka duniani Mwenyezi Mungu hukishusha.

Na juu ya yote, mchezo ukimpotezea mtu sala, au ukila fedha ya chakula cha watoto wake, huwa haramu kwake, hatta akicheza kwa uadilifu wote.

HUKUMU YA ZAIDI NA AMRI

Amri hana kosa kwa kumpiga Zaidi mara ya kwanza, ikiwa mahali pale ni maarufu kwa vita. Ana makosa matatu baada ya hapo. La kwanza, kumrudia asiyeweza kujitetea, na hilo ni upungufu wa murua na ni maudhi kwa Muislamu. La pili, ngao. Yampasa kuirudisha au kulipa thamani yake, kwani mali ya kamari haimiliki aliyeichukua. La tatu, kejeli. Na haki hii ni ya mja, haiondoki kwa istighfari peke yake mpaka amwombe radhi Zaidi. Na kwa kuwa alimkejeli mbele ya watu, na amtake radhi mbele ya watu hao hao.

Zaidi naye ana kosa. Kuitika salamu ni wajibu, na kumhama ndugu zaidi ya siku tatu kumekatazwa. Hapa ndipo kauli ya kuwa hapana dhulma pasipo damu inapoanguka. Damu ya picha haikumwagika, walakini salamu ya kweli imekatika katika msikiti wa kweli, baina ya watu wawili wa safu moja.

Wachaga wana mmea wauitao isale, ambao hupandwa mipakani mwa mashamba. Mwenye kosa hulichukua jani lake akampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa huona ni aibu kubwa kulikataa. Likichukuliwa kuwa ni alama tu ya kutaka suluhu, bila ya kuitakidi kuwa jani lina nguvu yake, halina ubaya. Ni ada njema, na suluhu ni kheri. Amri akienda Kiboriloni na ngao mkono mmoja na jani mkono wa pili, na Zaidi akaitika salamu yake, wamepata kitu ambacho hakiuzwi ndani ya mchezo wowote.

MASUALI YA KUJIJARIBU

Kwa nini Mtume aliwapa farasi viwanja viwili? Ni sharti gani lililokosekana katika pigano la Amri na Zaidi? Ngao ilikuwa mali ya nani baada ya pigano, na kwa nini? Ni kosa gani la Amri lisilofutwa kwa istighfari peke yake?

Mwenyezi Mungu atupe uadilifu katika furaha na katika ghadhabu, katika kazi na katika mchezo. Wallahu aalam.