Raga ya Saba na Raga ya Kumi na Tano: Ipi Yamfaa Mtazamaji?



Vijana wa mtaa wa Mbugangari, hapa Gisenyi nikaapo, wameanza kujifunza mchezo wa raga, nao wameniomba shauri juu ya jambo moja. Wamepewa kiwanja cha mpira wa miguu kwa alasiri moja tu wakati wa likizo, wawaonyeshe watu mchezo wao. Watu wakipendezwa, watapewa tena. Watu wakichoka na kwenda zao, wenye mpira wa miguu watasema kwamba kiwanja kinapotezwa bure, wala sitakuwa na neno la kuwajibu. Basi vijana wanauliza: tuwaonyeshe watu raga ya wachezaji saba kila upande, au ile ya wachezaji kumi na watano?

Swali hili lawafaa wanafunzi wote, maana kutazama mchezo nako ni elimu. Kwa hiyo nimeliandikia somo hili fupi.

Kiwanja ni kile kile

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba michezo hii miwili huchezwa katika kiwanja cha ukubwa mmoja. Kiwanja kamili kina urefu wa mita 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, na upana wa mita 70, yaani mita za mraba 7,000. Chukueni kalamu. Zigawanyeni kwa wachezaji 30, nanyi mtaona kwamba kila mmoja apata kama mita za mraba 233. Zigawanyeni kwa wachezaji 14, na kila mmoja apata mita za mraba 500, zaidi ya mara mbili.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo mzizi wa tofauti nyingi tuzionazo. Katika raga ya saba kuna nafasi, na penye nafasi mwenye mbio hushinda. Katika raga ya kumi na tano nafasi haipo. Hapana budi itengenezwe kwa kusukumana, kwa kupiga mpira mbali kwa mguu, na kwa kuwachosha wapinzani mpaka mmoja wao achelewe hatua moja.

Muda nao ni mbalimbali. Raga ya kumi na tano huchukua dakika 80, nusu mbili za dakika 40. Raga ya saba huchukua dakika 14 tu, nusu mbili za dakika saba, na mapumziko yasiyozidi dakika mbili. Mchezaji aliyeonyeshwa kadi ya manjano katika raga ya kumi na tano hukaa nje dakika 10. Katika raga ya saba hukaa nje dakika mbili. Msidhani kwamba adhabu hii ya pili ni nyepesi. Dakika mbili katika 14 ni sehemu ya saba ya mchezo mzima, na dakika 10 katika 80 ni sehemu ya nane. Tena timu ya saba iliyopungukiwa mtu mmoja ni kama nyumba iliyobomoka ukuta.

Kuna kanuni nyingine ambayo mtazamaji mgeni haioni upesi. Katika raga ya kumi na tano, timu iliyofungwa ndiyo ipigayo mpira wa kuanzia tena. Katika raga ya saba ni kinyume: timu iliyofunga ndiyo ipigayo, na mara nyingi wale waliofungwa ndio waupatao mpira. Kwa hiyo aliyeshindwa sasa hivi hupewa nafasi ya kujibu sasa hivi, na watazamaji wake hawakati tamaa.

Mchezo uliozaliwa kwa ajili ya watazamaji

Raga ya saba haikuanza kama mazoezi ya wachezaji. Ilianza kwa sababu ya fedha za kiingilio. Mwaka 1883, katika mji mdogo wa Melrose huko Scotland, chama cha raga cha mji kilikuwa na haja ya fedha. Mchinjaji nyama mmoja, jina lake Ned Haig, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, alitoa shauri la kufanya mashindano ya siku moja. Lakini timu nyingi za watu kumi na watano haziwezi kumalizana kwa alasiri moja. Basi wakapunguza watu na wakapunguza dakika, na watu wakaja kutazama.

Tangu hapo desturi ya raga ya saba ni sikukuu. Mtazamaji haji kutazama mchezo mmoja. Huja kutazama michezo mingi tangu asubuhi hata jioni. Ukichelewa mchezo huu, mwingine unaanza baada ya dakika chache. Ndivyo ilivyo katika mashindano ya Safari Sevens ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1996, ambayo watu huyaendea kwa nyimbo na shangwe.

Majaribio ya punje za mahindi

Sikutaka kutoa shauri kwa maneno matupu. Niliwakusanya vijana wale, pamoja na wazee wachache na akina mama wa jirani, mbele ya televisheni, tukatazama michezo miwili iliyohifadhiwa. Kila mmoja nilimpa punje za mahindi, nikamwambia: kila mara refa apulizapo filimbi nawe usijue sababu, weka punje moja chini.

Mchezo wa kwanza ulikuwa fainali ya Singapore ya raga ya saba, Aprili 2016, Kenya ilipoishinda Fiji kwa 30 kwa 7 na kupata kombe lake la kwanza katika mashindano yale makubwa ya dunia. Collins Injera alifunga trai mbili siku ile. Mwisho wa mchezo, wengi walikuwa bado wana punje zao mikononi. Mama mmoja ambaye hajapata kuona raga alisema, “Nimeelewa. Ukikimbia usikamatwe, uguse mpira chini kule mwisho.” Naam, hiyo ndiyo trai, nayo ina pointi tano.

Mchezo wa pili ulikuwa fainali ya Kombe la Dunia ya raga ya kumi na tano, iliyochezwa Ufaransa tarehe 28 Oktoba 2023. Afrika Kusini iliishinda New Zealand kwa 12 kwa 11. Angalieni: kwa dakika zote 80 ilipatikana trai moja tu, nayo ni ya timu iliyoshindwa. Pointi zote za Afrika Kusini zilitokana na penalti nne za Handré Pollard, kila moja pointi tatu. Kabla ya mapumziko mzee mmoja alikwisha maliza punje zake, akaomba za jirani. Akaniuliza, “Mwalimu, hawa wamelaliana hapo chini wanatafuta nini?” Nikamweleza kwamba mchezaji akiangushwa lazima auachie mpira, na wenzake na wapinzani wake huugombea wakiwa wamesimama, na asiyefuata kanuni huadhibiwa. Alitikisa kichwa kwa adabu, lakini punje ziliendelea kushuka.

Kama ningefunga hesabu usiku ule, raga ya saba ingalishinda bila shaka. Lakini kesho yake nilipopita mtaani, yule mzee alinisimamisha. Hakuuliza habari za Singapore. Aliuliza habari za nahodha wa New Zealand, Sam Cane, aliyetolewa kwa kadi nyekundu katika nusu ya kwanza: je, angalikuwapo, Afrika Kusini wangalishinda? Vijana nao walikuwa wakibishana juu ya Pieter-Steph du Toit, ambaye hakufunga pointi hata moja lakini aliwaangusha wapinzani mara 28, na ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Ubishi ule uliendelea siku kadhaa. Ushindi wa Kenya wote waliushangilia. Lakini kwa kuwa mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo hata mwisho, hapakuwa na la kubishania.

Basi nimejifunza kwamba mtazamaji ana haja mbili. Haja ya kwanza ni kuelewa na kufurahi papo hapo, na hiyo hutimizwa na raga ya saba. Haja ya pili ni kuwa na jambo la kufikiri na kuzungumza baadaye, na hiyo hutimizwa vizuri zaidi na raga ya kumi na tano, lakini kwa yule tu aliyekwisha kufundishwa kidogo. Mvumilivu hula mbivu, ila ni lazima kwanza ajue kwamba mti huu unazaa.

Kijana wa magunia

Nilidhani somo limekwisha, mpaka kijana mmoja wa timu aliponijia. Yeye hubeba magunia sokoni. Ni mfupi, mnene, na mwenye nguvu kama ng’ombe wa jembe, lakini mbio hana. Alisema, “Mwalimu, mkichagua saba, mimi nitasimama wapi?”

Swali lake lilinigusa, maana ni la haki. Raga ya saba huwataka watu wa mbio karibu wote. Hata skramu yake, yaani lile fungu la wachezaji walioshikana na kusukumana ili kuugombea mpira, ina watu watatu tu kila upande. Skramu ya raga ya kumi na tano ina watu wanane kila upande. Wanene na wenye mabega husimama mbele, warefu nyuma yao, na hao warefu ndio warukao juu mpira unaporushwa kutoka pembeni. Mdogo mwepesi huutoa mpira miguuni pao, na wenye mbio hungoja pembeni. Ni mchezo wenye nafasi kwa kila umbo la mwanadamu.

Na jambo hili si la wachezaji peke yao. Mtazamaji anaposimama kando ya kiwanja humtafuta mtu afananaye naye, au mwanawe, au ndugu yake. Wabeba mizigo wa Mbugangari, ambao kila siku huiona kazi ya mpakani baina yetu na Goma, hawatajiona katika winga arukaye kama swala. Watajiona katika yule wa mbele ambaye hakuna amshangiliaye, ambaye asiposukuma hakuna winga atakayeupata mpira. Raga ya saba humpa mtazamaji mtu wa kumstaajabia. Raga ya kumi na tano humpa pia mtu wa kumfahamu.

Shauri langu

Wenzetu wa Kenya wametupa mfano. Katika mashindano ya shule zao za sekondari imezoeleka kucheza raga ya kumi na tano muhula wa kwanza, na raga ya saba muhula wa pili. Hawakuona sababu ya kuitupa mojawapo. Hata hivyo, timu yao ya saba ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba mwaka 2009 na tena mwaka 2013, hali timu yao ya kumi na tano haijapata kufika Kombe la Dunia. Mwaka 2022 ilifika fainali ya Afrika, ikashindwa na Namibia kwa 36 kwa 0. Hapo twaona kwamba kuendelea katika mchezo mmoja si dhamana ya kuendelea katika mwingine. Kila mmoja wahitaji mafunzo yake.

Kwa hiyo vijana wa Mbugangari nimewajibu hivi. Wao ni 22. Wafanye timu tatu za watu saba, na mmoja aliyebaki awe mshika saa. Kila timu icheze na kila timu. Michezo itakuwa mitatu, na pamoja na mapumziko yake haitazidi saa moja. Katika saa hiyo watazamaji watajifunza mambo matatu: mpira wa mkono haupitishwi mbele, aliyeangushwa huuachia mpira, na trai hupatikana kwa kuugusisha mpira chini ng’ambo ya mstari. Baada ya hapo, watakapokuwa tayari wana hamu, waazime wenzao wa shule ya jirani watimie 30, wacheze raga ya kumi na tano kwa dakika 20 tu, na mmoja asimame na kipaza sauti awaeleze watu kila filimbi kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Kwa kuwa wengi hawajazoea, refa aamuru skramu zisizo za kusukumana, jambo ambalo kanuni zinaliruhusu, maana shingo ya mtu haina ya akiba.

Kijana wa magunia atasimama mstari wa mbele, katikati. Mama yake ameahidi kuja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini timu iliyofungwa katika raga ya saba haikati tamaa upesi?
2. Kadi ya manjano ni adhabu kubwa zaidi katika mchezo upi? Toa hesabu.
3. Tazama mchezo wowote wa shule yenu ukiwa na punje 20 za mahindi. Zikiisha kabla ya mapumziko, nenda kwa mwalimu wa michezo umwulize juu ya kila filimbi usiyoielewa, kisha utazame tena.