Mnara wa Mbao wa Bustanini: Vipimo, Mbao na Namna ya Kuuza

Wengi mnaniuliza inboksi kuhusu ule mchezo mkubwa wa mbao ninaouza, wa kupanga mnara uwanjani halafu mnachomoa kipande kimoja kimoja mpaka udondoke. Leo nawapa kila kitu, maana mtaji wake si mkubwa na fundi seremala wa mtaani kwako anaweza kukukatia.

Seti ni vipande 54. Safu 18, kila safu vipande vitatu, na kila safu inapishana na ya chini yake. Kanuni ni moja: vipande vitatu vikilazwa pamoja, upana wake uwe sawasawa na urefu wa kipande kimoja. Kwa hiyo piga randa kwanza, ndiyo upime. Mbao ya 2x4 ikitoka kwenye randa inaweza kubaki na upana wa sentimita 9 na unene wa 4. Hapo urefu ni 9 mara 3, yaani 27. Mbao moja ya futi 12 inatoa vipande 13 (msumeno nao unakula kidogo kila mkato). Nunua mbao tano, upate vipande 65. Hivyo 11 vya ziada usivione hasara, ndivyo vinavyokuruhusu kutupa vyenye vifundo na vilivyopinda.

Mwambie fundi asipime kipande kwa kipande na futi. Apigilie kizuizi kwenye meza ya msumeno, kila mbao igonge hapo ndipo akate. Halafu msasa, hasa kwenye kona. Vanishi nzito mimi siipendi, inaongeza unene usiolingana.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pesa inapopotea. Mbao mbichi ikikauka inanywea upana na unene, ila urefu karibu unabaki vilevile. Ile 9 ikishuka hadi 8.7, vipande vitatu ni 26.1 wakati urefu bado ni 27. Mnara hauwi mraba tena, na vipande vingine vinalegea kabisa huku vingine vimebeba mzigo wote. Mteja atakupigia mwezi wa pili, si siku unayompelekea. Chukua kipande, pima kwenye mzani wako wa dukani, kiache kivulini siku tatu, pima tena. Uzito ukishuka, bado mbichi, subiri. Kuna mteja wa Kigamboni alitaka seti mbili kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi na mbao zilikuwa bado zinashuka uzito. Nikamrudishia advansi yake. Alinuna kweli, lakini mwezi uliofuata aliagiza tena.

Na zile mbao za kijani zenye dawa, za kuezekea, achana nazo. Watoto watazishika siku nzima.

Suala la jina. Najua mtaani tunauita Jenga, na neno ni letu. Ila Jenga ni chapa iliyosajiliwa. Mchezo huo ulizinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, mama wa Kiingereza aliyekulia Afrika, ndiyo maana akachukua neno la Kiswahili. Mwenye chapa akilalamika Instagram, tangazo lako linaweza kushushwa na wateja wakapotea nalo. Andika “mnara wa mbao wa bustanini”, weka na video ya mnara ukidondoka. Hiyo video inauza kuliko maneno.

Bei usiikisie. Jumlisha mbao, randa, kukata, msasa, mfuko na muda wako. Usafiri utaje peke yake, kwa sababu seti ya paina inafika kilo 20 na ushei. Gawa kwenye mifuko miwili, bodaboda hatakusumbua. Mteja wa mkoani mwambie gharama ya basi kabla hajalipa. Na mweleze kwamba mnara unaanza na sentimita 72 lakini unapanda kadiri wanavyocheza, na kipande kimoja ni karibu nusu kilo. Wacheze na viatu, watoto wadogo wakae pembeni.

Mimi siku hizi seti mbili siuzi, nakodisha kwenye birthday na kitchen party. Zikirudi nahesabu vipande 54 mbele ya mteja ndipo namrudishia dhamana yake.