SOMO: MENO BANDIA NA MZIGO WA GHARAMA

Somo letu juma hili linahusu jambo ambalo wazee wetu hulificha kwa kiganja.

Tufungue Mhubiri sura ya 12. Anapoeleza uzee, anataja wasagaji waliobaki wachache, nasi tunaelewa kwamba ni meno. Wengi wetu tulivuka Busia na Malaba baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, tukapokewa Mulanda, Tororo, mwaka 2008, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Tuliovuka tukiwa na nguvu, sasa tunazeeka.

Mama mmoja mzee aliacha kuimba kwaya. Tulidhani amekasirika, kumbe ni mapengo. Mahindi ya mgao hakuweza kuyatafuna, akayauza, akampa fedha fundi wa meno wa sokoni Busia. Meno yale yalimchubua fizi, na fedha haikurudi. Hakutuambia, nasi hatukumuuliza.

Tujifunze basi:

1. Tuanzie hospitali ya serikali. Uganda ilifuta ada huko mwaka 2001, isipokuwa sehemu za kulipia. Kupimwa na kung'olewa meno mabovu tuulizie huko kwanza, kama Hospitali ya Tororo. Meno bandia yenyewe mara nyingi mgonjwa hujilipia.

2. Tuombe hesabu kwa maandishi. Ioneshe kama ni shilingi za Uganda au za Kenya, maana Busia zote hutajwa. Ioneshe pia gharama ya kurudi kurekebishiwa. Tuulize kama tunaweza kulipa kidogo kidogo.

3. Tusiharakishe. Baada ya kung'oa, fizi huhitaji wiki kadhaa, hata miezi, kupona na kutulia. Muda huo ni wa kuchanga.

4. Ndugu zetu walio upande wa Kenya wakumbuke kwamba SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Waliojiandikisha waulize hospitali, kabla ya kutibiwa, bima inalipa nini. Mkimbizi asivuke mpaka kufuata bei nafuu bila hati ya kusafiria.

5. Tupeleke hitaji kwa mashemasi. Katika Matendo 6, wajane waliposahauliwa katika mgawo, waliteuliwa watu saba kusimamia kazi hiyo. Upendo uliwekewa utaratibu. Nasi jamaa watoe kwanza, kikundi cha kuweka na kukopa kikopeshe, mfuko wa wahitaji ujazie. Fedha zilipwe kwenye kliniki moja kwa moja, na risiti ije kwa mwekahazina.

Mama yule sasa amepimwa, na ana karatasi ya hesabu. Nusu ya fedha imepatikana. Tunamngoja kwenye kwaya.

Maswali ya kujadili:
- Ni nani katika mtaa wetu anayekula uji tu, nasi hatujamuuliza kwa nini?
- Kwa nini mhitaji huona aibu kuja kwetu?
- Tutachangaje bila kumtangaza mbele ya watu?