Gurudumu Linapolia: Jinsi ya Kubadilisha Beringi ya Gari Nyumbani

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Gari la abiria, lile tunaloliita Nissan hata likiwa Toyota, hulia kabla ya kuharibika gurudumu. Abiria akiuliza huambiwa ni barabara mbovu, redio huongezwa sauti, na safari inaendelea. Siku beringi inapokwisha kabisa, gurudumu hukwama au hata kung'oka na watu wamo ndani. Kwa hivyo somo hili latuhusu sote, wenye magari na tusio nayo.

BERINGI NI NINI?

Katika Fizikia tumefunzwa kwamba kubingirisha kitu ni rahisi kuliko kukiburura. Ndiyo sababu mashua nzito hutandikiwa magogo inapovutwa ufuoni. Beringi nayo ni vijigogo vya chuma vilivyopangwa kati ya pete mbili. Pete ya ndani hukaa kwenye ekseli na ya nje hukaa ndani ya haabu, yaani kitovu cha gurudumu. Gari kama Toyota HiAce ya zamani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lina beringi mbili katika kila gurudumu la mbele: ndogo upande wa nje na kubwa upande wa ndani. Maadui wake ni maji, mchanga na ukosefu wa grisi.

UTAJUAJE IMEKWISHA?

Sikiliza mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukikata kona ya kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Kisha inua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, mkosaji ni beringi. Ukibaki, huenda ni viungo vya usukani au vya springi.

KAZI YENYEWE

1. Egesha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono na uweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Ukishainua, weka stendi imara chini ya chesisi. Jeki huteleza, na huruma haina. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

2. Ondoa gurudumu, kisha ufungue kalipa ya breki. Ifunge kwa waya isije ikaning'inia kwa paipu yake ya mpira. Toa kifuniko cha grisi, pini, nati na washa. Vuta haabu polepole huku kidole gumba kikizuia beringi ya nje isianguke.

3. Ng'oa sili ya mafuta ya zamani, utoe beringi ya ndani. Pete za nje zimebana ndani ya haabu. Zigonge kwa kipande cha shaba, huku na huku, zitoke sawasawa. Safisha grisi yote kuukuu kwa mafuta ya taa, upanguse, uache pakauke. Gonga pete mpya mpaka mlio wa nyundo ubadilike na kuwa mzito; hapo zimefika. Hapa ndipo wengi huharibu: hununua beringi mpya wakaacha pete za zamani ili kupunguza kazi. Vijigogo vipya juu ya pete iliyochimbika haviwezi kudumu.

4. Weka grisi ya beringi kiganjani, uikandamizie beringi mpaka grisi itokeze upande wa pili. Mikono iwe safi, kwani chembe za mchanga zatosha kuiua. Tia beringi ya ndani, kisha sili mpya.

5. Rudisha haabu, beringi ya nje, washa na nati. Kaza nati huku ukizungusha haabu ili beringi zikae vizuri. Kisha ilegeze, uikaze tena kidogo tu, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Ikibana mno, beringi itachemka na kuungua. Ikilegea, gurudumu litayumba. Haabu izunguke kwa wepesi bila kucheza. Tia pini mpya na uikunje. Ile ya zamani itupe.

6. Rudisha breki na gurudumu. Nati za gurudumu zikaze kwa kukingamana, na uzimalizie gari likiwa chini. Kabla ya kuliondoa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Mtu akisahau hili, atafika langoni hana breki! Endesha kidogo, usimame, usogeze mkono karibu na haabu. Ukihisi joto kali kuliko la upande wa pili, fungua upime upya.

Magari mengi ya siku hizi yana beringi iliyofungwa pamoja na haabu, au iliyoshindiliwa kwa mashine. Hayo mpelekee fundi mwenye vifaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiwa abiria na usikie gurudumu likilia, mwambie dereva kwa heshima, na asiposikia, shuka.

ZOEZI

(a) Kwa nini pete za nje hubadilishwa pamoja na beringi?
(b) Eleza madhara ya kukaza nati kupita kiasi.
(c) Tunga sentensi ukitumia: haabu, sili, kukingamana.