"Keep Quite" na majirani wengine wa kamusini

Barua zimenijaa mezani. Sitajibu zinazouliza alfabeti ya Kiingereza ina herufi ngapi. Nimechagua zinazonikera, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: maneno mawili yanakaa jirani kwenye kamusi, na mtu kaingia nyumba isiyo yake.

Wasomaji wa Mpwapwa, Kongwa na Chamwino wameniandikia juu ya vibao vya "Keep Quite" zahanati, maktaba na kanisani. Je, ni kosa au ni Kiingereza cha kisasa?

Ni kosa. "Quiet" ni kimya, nayo ina silabi mbili: kwa-yet. "Quite" ina silabi moja, kwait, na maana yake ni "kabisa" au "kiasi fulani". Kibao hicho kinamwambia mgonjwa aendelee kuwa kabisa, bila kumwambia kabisa nini. Aliyeandika kibao nimemsamehe. Ninaoshindwa kuwasamehe ni wote wenye vyeti waliopita chini yake miaka nenda rudi wasiseme neno. Kopo dogo la rangi linatosha.

Shikamoo Mwalimu. Nina duka la kalamu, karatasi na fotokopi karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Fundi wa mabango kaniandikia "Stationary". Mteja kanicheka. Nifute?

Marahaba. Futa, lakini usione aibu sana, maana fundi wako amegusa historia bila kujua. Vyuo vikuu vya Ulaya ya zamani vilizungukwa na wauza vitabu. Wengi wa wachuuzi wa enzi zile walitembeza bidhaa kama machinga wetu, ila muuza vitabu alikuwa na kibanda cha kudumu, naye kwa Kilatini akaitwa "stationarius", mtu wa kituo. Ndipo Waingereza wakapata "stationer", na bidhaa zake zikawa "stationery", kwa e. Neno "stationary", kwa a, likabaki kwa kitu chochote kisichosogea, kama lori lililokwama Kibaigwa. Kwa hiyo bango lako linatangaza kwamba duka halihami. Sikio halitakusaidia, kwani Waingereza wengi huyatamka mamoja. Kumbuka e ya "envelope".

Mwalimu, niko kidato cha kwanza, Bahi. Kwenye tuisheni tumefundishwa kwamba maneno yanayofuatana katika kamusi ni ya ukoo mmoja, tukijua moja tukisie mengine. Nilikisia "hardly" ni "kwa bidii", nikapigwa mkasi. Kwa nini?

Mwanangu, hapa nitakaa kidogo, maana uzushi huu nimeupiga vita tangu nianze kazi na bado una afya njema.

Najua ulikotoka. Katika Kiswahili, ukilijua "soma" utafika mwenyewe kwenye somea, someka na somesha. Kamusi zetu huyaweka pamoja, na mkia wa neno unakwambia kilichoongezeka. Ukihamia sekondari, masomo yakageuka ghafla kuwa ya Kiingereza, unakwenda na mazoea hayo. Unaona "moth", unaona "mother", unadhani mkia umeongezwa. La kwanza ni nondo, yule mdudu wa usiku. La pili ni mama. "Corn" ni nafaka, "corner" ni kona. "Numb" ni kufa ganzi, na "number" ni namba. Tena hili la mwisho lina mtego juu ya mtego: likiandikwa vilevile laweza kumaanisha "mwenye ganzi zaidi", ila hapo b haisikiki, unasema nama.

Alfabeti haijui maana. Kazi yake ni kukusaidia kupata neno haraka, basi. Orodha nyingi za maneno za zamani zilipangwa kwa mada: viungo vya mwili, mimea, zana. Robert Cawdrey alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1604, utaratibu wa herufi ulikuwa mgeni kwa wasomaji wake kiasi kwamba ilimbidi awaeleze kuwa neno linaloanza na a walitafute mwanzoni mwa kitabu. Na hata kwetu alfabeti hutenganisha ndugu: "msomaji" yuko kwenye M, "usomaji" kwenye U, mbali na "soma" aliyewazaa.

Sasa "hardly". Kwa asili limetoka kwa "hard" kweli, ila lilishaacha maana ya mzazi wake. Leo ni "kwa shida" au "karibu si". Wako vijana wanaoingia kwenye usaili wa kazi hapa Dodoma wakasema kwa kujiamini, "I work hardly". Wamekiri mbele ya jopo kwamba hawafanyi kazi. Sema "I work hard". Ndugu wa ukoo huo ni "lately", ambalo ni "siku hizi", wala si "kwa kuchelewa".

Mimi ni mtumishi Mtumba. Kwenye ripoti nimeandika kuwa Dodoma ni "semi-dessert".

Yaani nusu ya kitindamlo. Kwa mji unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka nakuelewa, lakini ulitaka "desert", jangwa, mkazo mwanzoni: DE-zat. "Dessert" hubeba mkazo mwishoni: di-ZAT. Angalia pia kitenzi "desert", kutelekeza, ambacho huandikwa kama jangwa na kutamkwa kama kitindamlo.

"Personal officer" au "personnel officer"?

"Personnel", mkazo mwishoni. "Personal officer" ni afisa wako binafsi, na serikali haijakupa.

Ni kweli ulimi wa Mgogo ni mzito kwa Kiingereza?

Hapana.

Stendi wanauza kijitabu kinachoandika matamshi yote ya Kiingereza kwa Kiswahili. Wanaahidi utaongea kwa wiki mbili. Ninunue?

Nunua karanga. Mimi pia hapa nimeandika "kwait", lakini hiyo ni ishara ya njia tu. Kiswahili hakina baadhi ya irabu za Kiingereza, ndiyo maana "cat" na "cut" kwenye vijitabu hivyo yote ni "kati". Baya zaidi, havionyeshi mkazo. Tazama majirani watatu: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAphic. Mkazo unahama. Msishangae, hata wetu huhama: PIka, piKIa, pikiSHAna. Tofauti ni kwamba wetu karibu daima hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, wao hawana ahadi hiyo. Kamusi nzuri huweka kistari kidogo kilichosimama mbele ya silabi yenye mkazo. Wengi wanamaliza shule hawajawahi kukitazama.

Barua kadhaa: "advice" na "advise", "loose" na "lose".

"Advice" ni ushauri na "loose" ni kulegea; yote mawili huishia na sauti ya s. "Advise" ni kushauri na "lose" ni kupoteza. Hayo huishia na z. Anayetofautisha "saa" na "zaa" hana kisingizio. Za "practice" na "practise" msiniletee: hutamkwa sawa, na Wamarekani huandika moja tu.