MOTOKAA IKIKATAA KUWAKA

Watu wengi hudhani kwamba injini huvunjika gari likiwa safarini tu. Lakini ziko injini nzima ambazo huvunjwa gari likiwa limesimama, kwa mkono wa mtu anayelilazimisha kuwaka kabla ya kujua limekataa kwa nini. Katika makala haya nitaeleza, kwanza, jinsi ya kutambua ubovu kwa kusikiliza. Na pili, kwa nini gari lililozimika majini lisipigwe stata wala kusukumwa. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Arusha, kama nitakavyoonyesha.

Vitu ambavyo injini huvihitaji

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: hewa iliyochanganyika na mafuta kwa kiasi chake, mshindilio wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hushindiliwa sana hata ikapata moto wa kuwasha mafuta. Tena zote mbili huhitaji stata ya kuzianzisha, na stata hupata nguvu zake katika betri. Basi gari lisilowaka limekosa kimojawapo cha vitu hivi. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi, kabla hajashika spana.

Sikiliza kwanza

(a) Ukizungusha ufunguo, ikawa kimya kabisa: washa taa. Kama haziwaki, betri imekwisha au waya zake hazishiki. Tazama vichwa vya betri; aghalabu huota unga mweupe. Visafishe na kuvikaza.

(b) Ukisikia tak-tak-tak ya haraka: betri ni dhaifu. Hili huonekana sana hapa kwetu asubuhi za Juni na Julai, kwa maana baridi hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili iwe nzito.

(c) Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki: shida si betri. Tafuta mafuta au cheche. Je, tangi lina petroli? Fyuzi ya pampu ni nzima? Plagi zatoa cheche? Kwa dizeli, tazama kama hewa imeingia katika mabomba ya mafuta, na kama plagi za kupasha moto zafanya kazi.

(d) Injini ikizunguka upesi na kwa wepesi kuliko desturi yake: acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Katika injini nyingi, valvu na pistoni hupita mahali pamoja kwa zamu. Zamu ikivurugika hugongana, na kila unapopiga stata waweza kupinda valvu nyingine.

(e) Ukisikia "tak" moja nzito, kisha stata ikakwama ingawa betri ina nguvu: huenda stata ni mbovu, au kuna kitu kinachoizuia injini isizunguke. Kama gari limetoka kupita majini, lichukulie kuwa lina maji ndani ya silinda mpaka uhakikishe kwamba hayamo.

Hata katika hali zisizo na hatari, usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, nayo ipumzike walau dakika moja. Stata ikipigwa mfululizo huungua, na petroli isiyowaka huosha oili katika kuta za silinda.

Maji kidogo, hasara kubwa

Katika somo la fizikia twajifunza kwamba hewa hushindilika, lakini maji karibu hayashindiliki kabisa. Tuchukue injini ya petroli yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,000 za ujazo. Kila pistoni husukuma sentimita 500 za ujazo. Kama mshindilio ni 10 kwa 1, sehemu 9 husukumwa na pistoni na sehemu 1 hubaki juu yake. Kwa hiyo nafasi inayobaki ni 500 ÷ 9, yaani kama sentimita 55 za ujazo. Hayo hayafiki vijiko vinne vya chakula! Kwa dizeli yenye mshindilio wa 18 kwa 1, nafasi ni 500 ÷ 17, yaani kama 29, sawa na vijiko viwili.

Maji yakizidi kipimo hicho, pistoni haiwezi kufika juu. Mkono unaoiunganisha na kranki hupinda, au huvunjika na kutoboa bloku. Kusukuma gari likiwa katika gia ni hatari kuliko stata, kwa sababu uzito wote wa gari huilazimisha injini izunguke.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu wakati wa likizo, katika gereji ya mjomba wangu hapa mjini. Siku moja ya masika yaliletwa magari mawili yaliyozimikia katika dimbwi moja. La kwanza lilikuwa limesukumwa na vijana likiwa katika gia ya pili. Mjomba alipolifungua, mkono wa pistoni ya tatu ulikuwa umepinda kama mundu. Mwenye gari la pili naye aliomba, "Fundi, tusukume tu, litawaka." Mjomba akamjibu, "Mzee wangu, tungoje kidogo. Injini haina haraka kama sisi." Akafungua chujio la hewa, akalikuta limelowa. Akakata umeme wa plagi na wa mafuta, akatoa plagi zote nne, ndipo akapiga stata. Maji yaliruka juu kama chemchemi! Akakausha, akamwaga oili ya zamani na kutia mpya. Jioni gari liliwaka, na mzee yule akalipa gharama ndogo tu. Mwenzake alihitaji injini nyingine.

Ya kufanya

1. Gari likizimika majini, usiguse ufunguo tena. Livutwe mpaka pakavu, likiwa katika gia huru.

2. Tazama chujio la hewa. Likiwa limelowa, plagi zitolewe kabla ya stata kupigwa. Kwa dizeli, hutolewa nozeli au plagi za kupasha moto.

3. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Imwagwe kabla injini haijawashwa.

Arusha imejengwa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, ambao una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mvua kubwa za Machi mpaka Mei zinyeshapo huko juu, maji hushuka kwa kasi katika mito ya Themi, Naura na Burka. Mdomo wa kuvutia hewa katika magari mengi madogo uko mbele, karibu na taa. Magari ya watalii mengine yana bomba la hewa lililopandishwa hadi paani, lakini bomba hilo hulinda injini tu. Halilizuii gari lisichukuliwe na maji. Tukumbuke tarehe 12 Aprili 2024, gari la wanafunzi liliposombwa na mafuriko katika jiji hili na watoto kadhaa wakapoteza maisha. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutoingia kabisa katika maji yanayokwenda kasi.

Siku moja baadhi yetu tutakuwa madereva, na wengine mafundi. Ndugu msomaji, gari likikataa kuwaka, usishindane nalo. Lisikilize, upime, ndipo utende.